Milio Mitatu

Kadi ya picha ilikuja toka Arusha na basi la saa nne,
ndani ya boksi la biskuti, imeviringishwa kanga kuukuu,
na kikaratasi cha Lomayani: "Mzigo mzima huu, kaka,
nimeutumia mwenyewe, haujanisumbua hata siku moja."
Nikaipokea stendi ya Moshi kama mtu apokeaye mkwe.

Jioni hiyo nikafungua kompyuta juu ya meza ya kulia,
nikapuliza vumbi la Pasua, la miaka sita,
nikaipachika kadi hadi iliposema ka!
nikafunga skrubu nne kati ya sita.
Mbili zilikimbilia chini ya kabati, ziko huko mpaka leo.

Asubuhi nikabonyeza.
Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kioo, giza.
Kisha: pii. Pii. Pii.
Kimya.
Pii. Pii. Pii.

"Inabisha hodi," akasema Aikande, mwanangu,
darasa la tano, kijiko cha uji mdomoni.
"Ifungulie."

Na humo ndani mlikuwa na kipaimara cha Kibosho,
saa saba za picha: watoto arobaini na wawili mbele ya askofu,
mama zao na vitenge vya sare,
ndafu imesimama na majani mdomoni kama bado inakula.
Kila siku Mama Makyao alipiga simu:
"Mpiga picha, tutazeeka tukingoja."

Nikaanza kutafuta mchawi.
Nikamshuku Lomayani, nikamwandikia maneno
ambayo hayafutiki kwa kufuta.
Nikawashuku Tanesco, kwa mazoea tu.
Nikaishuku pawasaplai, mkebe wa wati mia tatu,
nikasema mgeni anakula kuliko sufuria la nyumba hii.
Nikaichomoa kadi: ikalia vilevile.
Nikasema imeshaambukiza.

Anande akapita na ndoo ya nguo.
"Ulikuwa na kompyuta," akasema.
"Ukanunua kadi. Sasa una kadi."

Lakini jambo moja lilinikereketa.
Saa saba mchana, bati likishapata moto,
mashine iliamka bila kubembelezwa,
ikanipa dakika kumi, ikazima.
Asubuhi, Julai hii, mlima umejifunika gubigubi,
maji ya bomba yanauma vidole,
pii, pii, pii.
Nani basi humu ndani anaogopa baridi?

Aikande ndiye aliyeinama na tochi ya simu.
"Baba, mbona hiki kimekaa upande?"
Kijiti cha RAM, cha zamani, ambacho sikukigusa,
kilikuwa kimeinuka pembe moja,
unene wa ukucha, si zaidi.
Nikauona tena mkono wangu usiku ule
ukiikandamiza kadi kwa furaha,
na kiwiko, kilicholewa furaha hiyo hiyo,
kikimpiga kumbo jirani.
Kwenye baridi chuma kinajikunja, kinaachia;
kwenye joto kinajinyoosha, kinashika.
Siku tisa nimemsulubu mgeni
kwa dhambi ya kiwiko cha mwenyeji.

Tukakisugua kwa ufutio wa shule,
nikakibana mpaka masikio yote mawili yakafunga.
Betri ya duara nikaichomoa na kuirudisha,
kwa woga tu.
Saa kumi na moja alfajiri, baridi yenyewe,
nikabonyeza.
Pii moja. Fupi, kama mtu anayeitika jina.

Kioo kikaja, cheupe, na ombi: weka tarehe.
Kwa hesabu yake ilikuwa Januari mosi,
elfu mbili na tisa.
Aikande akasoma, akahesabu kwa vidole.
"Baba, hapa mimi sijazaliwa."
"Bado."
"Na wewe ulikuwa unajua kompyuta?"
"Hapo? Hapo nilikuwa najua zaidi."

Nikamsogezea kibodi aandike leo.
Akabonyeza kwa kidole kimoja,
akakosea mwaka, akafuta, akarudia.
Simu ikaanza kutetemeka mezani:
Mama Makyao, kabla ya jogoo.
Sikupokea. Kwanza nilikuwa na barua
ya kumwandikia Lomayani.